Fukua, fufua

Mjomba wangu alinishika bega pale kaburini akaninong'oneza, "Kijana, usilie. Sisi ni watu wa ufufuo." Nikanyamaza. Si imani iliyoninyamazisha. Watu walikuwa wananiangalia, halafu nilikuwa na simu mkononi nikirekodi. Shosho alikuwa ndani ya sanduku, udongo unagonga mbao, kwaya inaimba kwa furaha ambayo mimi sikuwa nayo. Nikajiuliza, kama ufufuo maana yake ni nisimlilie mtu aliyenilea, basi huo ufufuo ni wa nani?

Hapo nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Baadaye karo ikanishinda nikarudi Isiolo. Stori ya karo nimeshawapigia mara nyingi, leo tuiache. Ninachotaka kusema ni kwamba ile video bado iko kwa simu. Dakika kumi na moja. Sijaikata, sijaiweka popote, na kila nikifuta vitu kupata nafasi naifikia, naangalia ile picha ndogo ya mwanzo, halafu nafuta kitu kingine.

Sasa tuko wiki ya Pasaka. Kila mwaka wakati huu kuna mtu hunitumia ujumbe: "Wewe si umesoma, kweli unaamini mtu atatoka kaburini?" Wengine huuliza kwa dharau, wengine wamezika mtu juzi tu. Nimeamua kujibu kwa njia ninayoiweza, yaani kwa historia. Ni ndefu kidogo. Chukua chai.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Aprili 2023, habari za msitu wa Shakahola zilipoanza kutoka, niliandika haraka haraka kwamba polisi "wamefufua" miili huko Kilifi. Mtu mmoja akanirekebisha kwa ukali: "Wamefukua, we jamaa. Kufufua ni kazi ya Mungu." Nilicheka, nikarekebisha, lakini hilo neno likanibakia kichwani. Herufi moja tu. Fukua ni kuchimba ukatoa kilichofunikwa. Fufua ni kukirudishia uhai. Wanasiasa wetu wamelichosha hili la pili, kila uchaguzi lazima mtu afufue kiwanda au afufue uchumi. Lakini kati ya haya maneno mawili ndipo ninapoiona historia ya Ukristo wa nchi hii, na hasa wa huku kaskazini.

Twende nyuma kwanza. Ukiwaacha Wareno wa Mombasa, ambao kanisa lao lilikufa na utawala wao, Ukristo uliodumu Kenya unaanza 1844, Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa na mkewe Rosine. Shuleni tulifundishwa Krapf kama jina la mtihani: Mjerumani, alitumwa na CMS, akaona Mlima Kenya 1849, jibu ni C. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, Rosine alijifungua mtoto wa kike huku homa imemshika, akafa. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyo hiyo. Walizikwa upande wa bara, Nyali, na kaburi lipo mpaka leo. Ukienda Mombasa kwa raha zako na upitie Nyali, jua kwamba hapo kuna mwanamke na mtoto aliyeishi siku chache, na kwamba kanisa la Kenya lilianza na kaburi lao kabla ya kuanza na shule au jengo lolote.

Halafu ikaja Rabai mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann. Wakahubiri miaka, na ukihesabu walichopata ni kama hakuna. Mtu wa kwanza kubatizwa, 1851, aliitwa Mringe. Alikuwa mlemavu, mgonjwa, na alifariki muda mfupi baada ya ubatizo. Ebu fikiria ungekuwa unaandikia ripoti wafadhili wako Ulaya. Miaka saba, na mtu wako wa kwanza amekufa. Ingekuwa siku hizi mradi ungefungwa. Lakini Krapf hakuona hivyo. Kwake makaburi yalikuwa kama mbegu, na alisisitiza kwa wakubwa wake kwamba kazi ndiyo kwanza imeanza. Unaweza kumwona kama mtu aliyeshindwa kukubali ukweli. Mimi pia huwa namwona hivyo siku nyingine. Ila alilia, hilo liko kwenye maandishi yake. Hakujifanya kwamba Rosine amesafiri.

Neno lenyewe la ufufuo linastahili dakika moja. Kanisani kwetu, Wakatoliki, tunasema "ufufuko". Majirani zetu Waanglikana husema "ufufuo". Kwenye Biblia ya Kiswahili ya zamani utakuta pia "kiyama", neno lile lile ambalo beste yangu wa Bulapesa hulisikia msikitini. Limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni kusimama. Kwa hivyo hapa Isiolo, mji wa adhana na kengele, Mkristo na Muislamu wakizika mtu wao, wote wawili wanaamini huyo mtu atasimama tena. Tofauti ipo na ni kubwa. Beste yangu haamini kwamba Isa alisulubiwa na kufa, kwa hivyo kwake hakuna kaburi tupu la kuzungumzia. Kwangu mimi kila kitu kinaning'inia pale. Tumebishana juu ya hili tukila mahamri mpaka yakapoa. Lakini hakuna kati yetu anayeamini kwamba mwili ni takataka ya kutupwa, na hilo litanisaidia mbele.

Kwa sababu watu wengi, hata wanaoenda kanisani kila Jumapili, wanadhani Ukristo unasema roho inapanda juu na mwili unaachwa. Hiyo ni fikra ya zamani sana ya Wagiriki, si ya Pasaka. Paulo alipofika Athens watu walimsikiliza vizuri mpaka alipotaja ufufuo wa wafu. Hapo wengine wakaangua kicheko. Roho kuendelea kuishi halikuwa jambo geni kwao, wanafalsafa walishalizungumza. Mwili kurudi ndiyo ilikuwa aibu. Mwaka wa 55 hivi akawaandikia Wakorintho barua ndefu akipambana na hoja hiyo hiyo, na hakukubali kulegeza. Wakristo wa kwanza hata walibadilisha jina la mahali pa kuzikia. Wakapaita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mahali pa kulala. Bweni, ukipenda. Neno la Kiingereza la makaburini limetoka huko. Bweni, maana anayelala bwenini anatarajiwa kuamka.

Shikilia hilo neno, bweni. Nitalirudia, na halitakuwa rahisi.

Sasa turudi nyumbani. Ukiwa Isiolo huwezi kukwepa kifo kwenye ramani. Wadi ya Wabera imepewa jina la Daudi Dabasso Wabera, DC aliyeuawa kwa risasi Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru. Na kila Mkatoliki wa hapa aliyezidi miaka thelathini atakwambia alikuwa wapi usiku wa 14 Julai 2005.

Mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni, kwa hivyo naambiwa tu. Askofu Luigi Locati alikuwa Mwitaliano, amezaliwa 1928 kijiji cha Vinzaglio, padri wa jimbo la Vercelli. Aliishi Kenya zaidi ya miaka 40. Roma ilipounda vikarieti ya Isiolo mwishoni mwa 1995, yeye akawa wa kwanza kuiongoza. Kanisa kuu letu linaitwa Mtakatifu Eusebio. Nilikua nikidhani ni jina tu, mpaka nikasoma kwamba Eusebio alikuwa askofu wa Vercelli karne ya nne, na mfalme alimfukuza mpaka Palestina baada ya mkutano wa Milano mwaka 355 kwa sababu alikataa kusaini hukumu dhidi ya Athanasio. Kumbe hawa Waitaliano walitubebea mtu wao wa nyumbani, mkaidi, wakampa kanisa katika mji wa wafugaji na wachuuzi wa miraa.

Usiku ule Locati alikuwa anatoka kituo cha kichungaji kwenda nyumbani kwake, mwendo wa miguu, mahali alipopita usiku mwingine wowote. Akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 76, zimebaki siku tisa afikishe 77. Shosho alikuwa akisema asubuhi yake mji ulikuwa kimya mpaka ukasikia mbuzi wa mbali.

Na mbaya zaidi, hakuuawa na majambazi wa barabarani kama watu walivyotaka kuamini. Kesi ilijikokota miaka kumi na mitano. Mwaka 2020 Mahakama Kuu Nairobi iliwatia hatiani watu watano, na mmoja wao alikuwa padri. Naandika hili polepole kwa sababu ni rahisi sana kuimba juu ya mashahidi wa Kristo wakati muuaji yuko nje ya ukuta. Hapa kidonda kilikuwa ndani ya kanisa lenyewe. Mnaimbaje Aleluya Pasaka inayofuata mkijua hivyo?

Waliimba. Hilo ndilo ninalolijua. Locati alizikwa huku huku Isiolo, hakurudishwa Italia. Wakati mwingine shosho alinipitisha pale nikiwa mdogo, akafanya ishara ya msalaba, akaniambia, "Huyu tutaamka naye." Tutaamka. Hakusema "yuko mbinguni" wala "anatuangalia". Alisema kama vile wamelala vyumba vya kupakana.

Siku mbili kabla ya Locati, yaani 12 Julai 2005, watu zaidi ya 50 waliuawa Turbi, kule Marsabit, wakiwemo watoto wa shule ya msingi waliokuwa wamefika masomoni asubuhi. Wiki moja kaskazini, na magazeti yakashindwa kuamua kurasa za mbele. Mwaka uliofuata wakubwa walipanda ndege ya jeshi kwenda Marsabit kupatanisha jamii baada ya damu hiyo. Ndege ikaanguka. Kati ya waliokuwemo 17, walikufa 14: Dkt. Bonaya Godana, Mirugi Kariuki, Askofu William Waqo wa Anglikana, na wengine, Wakristo na Waislamu kwenye ndege moja, safari ya amani. Angalia tarehe: 10 Aprili 2006. Hiyo ilikuwa Jumatatu ya Juma Kuu. Jana yake makanisa yalikuwa yamepeperusha matawi.

Niliposoma hiyo tarehe nikaacha kila kitu nikatafuta kalenda. Nikaweka tarehe ya Garissa kando yake.

2 Aprili 2015. Alhamisi Kuu.

Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa shule ya msingi kama mimi. Mnaikumbuka kama sauti ya redio na wazazi waliopunguza sauti mlipoingia. Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Kundi la wanafunzi lilikuwa limeamka mapema kwa maombi, wakawa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Halafu washambuliaji wakaenda mabwenini, wakawa wanatenganisha Waislamu na Wakristo. Kufikia jioni walikuwa wamekufa watu 148, wengi wao wanafunzi. Walikuwa na umri wangu wa sasa. Wengine wadogo kuliko mimi.

Nilisema nitalirudia neno bweni.

Siwezi kusimama hapa nikatumia lugha tamu ya Wakristo wa kwanza, kwamba kaburi ni bweni na tutaamka, bila kukumbuka kwamba kuna wazazi ambao neno bweni kwao ni sakafu ile. Miili ilisafirishwa mpaka Nairobi, chumba cha maiti cha Chiromo, familia zikapiga foleni kutambua watoto wao. Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu zikapita hivyo. Wengine walitambua kwa nguo.

Na katikati ya hayo, Jumamosi Kuu tarehe 4, zaidi ya siku mbili baada ya shambulio, msichana wa miaka 19 akapatikana hai. Alikuwa amejificha ndani ya kabati, amejifunika nguo, akinywa mafuta ya kujipaka kwa kiu na njaa. Askari walipomwita alikataa kutoka. Alidhani ni mtego, mpaka wakamhakikishia kwamba ni polisi kweli. Jumamosi Kuu ndiyo siku ambayo Kristo, kwa imani yetu, yuko kaburini. Siku ambayo hakuna misa mchana, altare imevuliwa vitambaa, hakuna kinachotokea. Na msichana akatoka kabatini.

Najua unavyoweza kuitumia hii stori. Nimeisikia ikihubiriwa: unaona, Mungu ni mwaminifu! Mimi hiyo mahubiri inanikera, nasema wazi. Kwa sababu mama wa mwingine anasikiliza kwenye kiti cha nyuma, na mtoto wake pia aliomba. Walioamka alfajiri kuomba ndio waliouawa. Ukifanya ufufuo kuwa ni kunusurika, basi umewaambia wale 148 kwamba wao hawakuwa nao. Tumaini la Pasaka, kama lina maana yoyote, ni lao kwanza. Yule dada alitoka kabatini, ashukuriwe Mungu, lakini siku moja atakufa kama sisi sote. Lazaro naye alikufa tena. Ahadi yenyewe ni ya kitu kingine, na haijatimia kwa yeyote kati ya wale tuliowazika.

Jumapili ile Garissa walisali Pasaka. Kanisa kuu likalindwa na askari wenye bunduki, watu wakakaguliwa mlangoni, wakaingia. Usisahau kwamba mji huo ulikuwa umeshashambuliwa makanisani Julai 2012, watu 17 wakafa, na baada ya hapo viongozi wa Kiislamu wakakubaliana vijana wao walinde makanisa. Na Desemba 2015, miezi minane baada ya chuo, kwenye basi la Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Beste yangu huniuliza: "Huyu naye utaamka naye?" Nimemwambia mimi si bawabu wa mlango ule. Ila nikiamka nisimwone Salah Farah nitauliza maswali.

Nilikuwa naenda wapi? Shakahola.

Shakahola ni tumaini hili hili limegeuzwa sumu. Watu walioingia ule msitu wa Kilifi hawakuwa wajinga kama tulivyowacheka mitandaoni. Wengi walikuwa Wakristo kama mamako na wangu, wenye hamu ya kukutana na Yesu. Wakaambiwa njia ya mkato ni kufunga mpaka kufa. Wakaambiwa mwili, shule, hospitali, vyote ni vya dunia, achana navyo. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Wapasuaji wa serikali walikuta njaa, na kwa baadhi wakakuta dalili za kunyongwa na kupigwa. Hati ya mashtaka ya mauaji ya watoto ina watoto 191. Mashtaka ni ya mahakama, mimi siyagusi. Ninachogusa ni yale mafundisho.

Kwa sababu yanafanana na maneno ya mjomba wangu kuliko ninavyopenda. "Usilie, sisi ni watu wa ufufuo." Ukiivuta hiyo kamba mbele kidogo: usiende hospitali, sisi ni watu wa ufufuo. Mbele kidogo tena: usile. Mjomba wangu ni mtu mzuri, hangeumiza nzi, na alisema vile kwa kunihurumia. Lakini ni fikra ile ile, kwamba kifo si kitu na mwili si kitu, kwa hivyo huzuni yako ni upungufu wa imani.

Sasa fungua Injili uangalie asubuhi ya Pasaka yenyewe inaanzaje. Wanawake wanakwenda kaburini na manukato. Hawakwenda kushuhudia muujiza. Walikwenda kufanya kazi ambayo leo hufanywa na wahudumu wa chumba cha maiti, kuutunza mwili wa mtu wao ambao Ijumaa hakukuwa na muda wa kuutunza vizuri. Walikuwa na wasiwasi wa nani atawasogezea jiwe. Yesu mwenyewe alilia mbele ya kaburi la Lazaro, na kwa hadithi yenyewe alijua atamfufua dakika chache baadaye. Akalia hata hivyo. Na alipofufuka, alama za misumari zilibaki. Tomaso aliambiwa aguse. Kama Mungu angetaka kutufundisha kwamba mwili ni ganda la kutupa, hii ndiyo njia mbovu kabisa ya kulifundisha.

Kwa hiyo hili ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo. Tumaini la ufufuo linaufanya mwili kuwa mzito zaidi, na kifo kuwa adui kweli kweli. Paulo alikiita adui, tena wa mwisho. Adui hafanyiwi mkato wa kumfikia haraka.

Na ndiyo maana, kwangu mimi, watu waliofanya kazi ya Pasaka Shakahola ni wale waliovaa mavazi meupe ya plastiki wakafukua. Waliochimba kwenye jua lile, wakahesabu, wakapima mifupa, wakachukua vinasaba vya ndugu kutoka kote nchini ili kila mwili upate jina. Ilichukua karibu mwaka. Familia za kwanza zilianza kukabidhiwa miili Malindi tarehe 26 Machi 2024. Nenda kaangalie kalenda. Jumanne ya Juma Kuu.

Sijui Mungu ana nini na kalenda yetu. Labda hana kitu, labda ni mimi natafuta. Lakini nikiwaza zile familia, ambazo mhubiri aliwaambia watu wao kwamba miili haina maana, zikisimama nje ya chumba cha maiti kudai mwili, zikikataa kwenda nyumbani bila huo mwili, naona imani kubwa kuliko ile iliyohubiriwa msituni. Hata kama wenyewe walikuwa wamekasirika na Mungu siku hiyo. Hata kama hawakusema neno lolote la kidini.

Rafiki mmoja tuliyesoma naye kabla sijaacha chuo aliniambia haya yote ni ya kufariji maskini ili wasidai haki. Ana hoja. Nimesikia "Mungu atawalipa huko mbele" ikitumiwa na watu ambao wangeweza kulipa hapa hapa. Lakini nimemwuliza, wewe usiyeamini, unamwambia nini mama wa Garissa? Haki ya mahakama imekuja, 2019 watu watatu walipatikana na hatia. Mtoto hajarudi. Haki yote ya duniani, hata ikikamilika, inawafikia waliobaki tu. Waliokufa nani atawatendea haki? Akanyamaza, nami nikanyamaza. Sikumshinda. Ni kwamba swali lilikuwa kubwa kuliko sisi wawili na chai yetu.

Je, naamini? Umesoma mpaka hapa, unastahili jibu. Siku nyingi ndiyo. Usiku mwingine hapana, hasa stima zikipotea na nikiwa peke yangu. Lakini nimeacha kudhani kwamba kulia ni kutoamini, na hilo tu limenirudisha kanisani.

Jumamosi iliyopita nilienda kaburini kwa shosho na rangi nyeusi na brashi ndogo. Ule msalaba wa mbao tuliouweka ulikuwa umepinda, na jua la huku limekula maandishi yote. Ukipita ungedhani ni kaburi la yeyote. Beste yangu wa Bulapesa alikuja na boda yake, akanishikia kopo la rangi. Nilikuwa nimebeba kitambulisho cha shosho ili nisikosee mwaka wa kuzaliwa. Tukaunyoosha msalaba, tukaushindilia kwa mawe, nikaanza kuandika jina lake lote, matatu, si yale mawili ya kwenye tangazo la mazishi. Mkono ulikuwa unatetemeka na herufi ya pili ikachuruzika. Nililia, na hakuna aliyenishika bega. Beste akasema niache hiyo herufi ikauke kwanza ndiyo niirekebishe, tukaketi kivulini tukingoja.